Kofia haina mdomo, mwenye mdomo ni muuzaji

Mwezi juzi nilitaja hapa kwenye safu yangu ya vitu vya kale, kwa mstari mmoja tu, tena kwa kupitia, kwamba helmeti za jeshi la Mjerumani zina wakusanyaji wake na wanalipa vizuri. Sasa nshajuta. Toka siku hio simu haipumui, kila mtu ana helmeti, ya babu, ya jirani, ya darini. Basi wacha nijibu chache hapa, zilizobaki mtanisamehe.

SWALI: Assalam aleykum mzee wetu. Mimi ni fundi simu hapa Changamwe, vitu vya kale navipenda lakini uzoefu sina. Kuna jamaa katoka Taveta amenijia na helmeti ya chuma, ati babu yake aliiokota mlima Salaita vita vya 1914, ilikuwa ya askari wa Mjerumani. Ndani ubavuni imegongwa Q64, ngozi imeliwa imebaki vipande, ina misumari mitatu, na ukingo wake mkali karibu unikate kidole. Anataka 45,000 na anasema kuna tajiri Nyali anaitaka kesho asubuhi. Ninunue?
(Fundi simu, Changamwe)

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Kwanza huyo tajiri wa Nyali namjua, nimemsikia miaka thelathini sasa, kila kitu anakitaka kesho asubuhi na hajawahi kuja.

Tuje kwenye helmeti. Umeniandikia kitu kimoja bila kujua kama umeshajijibu, huo ukingo mkali. Mjerumani alipotengeneza helmeti ya 1935, wenyewe wakusanyaji wanaiita M35, ukingo wa chuma aliukunja ndani ukawa laini, na vitundu vya hewa viwili vya pembeni vilikuwa na vipete vyake vya kutiwa mbali. Ikaja M40, vitundu vikawa vinapigwa palepale kwenye chuma, kazi ikapungua. Ikaja 1942, vita vimemkaba koo, akaacha hata kukunja ukingo, chuma kikakatwa kikaachwa kimechanuka nje hivyohivyo mkali kama mfuniko wa mkebe. Hio ndio M42, na ndio uliyoishika. Sasa niambie, babu wa huyo bwana aliokota vipi vita vya 1914 kofia iliyoanza kutengenezwa 1942?

Na hata angekuja na ile ya zamani zaidi bado ningemuuliza. Helmeti ya chuma Mjerumani hakuwa nayo 1914, alianza kuwagawia wanajeshi wake mwanzo wa 1916 kule Verdun, Ufaransa, baada ya kuona vichwa vinapasuliwa na vipande vya mizinga kwenye mahandaki. Huku kwetu jeshi lake chini ya kamanda Lettow-Vorbeck lilikuwa limefungiwa na manowari za Mwingereza, meli mbili tu za mizigo zilipenya, Rubens ikaingia ghuba ya Manza karibu na Tanga Aprili 1915, na Marie ikaingia Sudi, upande wa Lindi, Machi 1916. Vita vyenyewe vya Salaita vilipiganwa Februari 1916. Askari wake weusi walivaa tarbushi iliyovishwa kitambaa cha kaki na kipande cha kufunika shingo, na wazungu wao kofia za jua au za ukingo mpana. Kwa hio akija mtu na helmeti ya chuma "ya Taveta", mchape swali moja tu, ilifika kwa njia gani. Akikuletea kitufe, risasi tupu iliyokwisha pigwa, bakuli la chuma, hapo mnaweza kuongea, ingawa sehemu kubwa kule ni hifadhi na makumbusho yana lao la kusema, usijitie kuokotaokota, na ukiona kitu cha mviringo chenye kutu, kiwe kidogo ama kikubwa, kimbia, mabomu mengine hayajalipuka mpaka leo.

Ukitaka kuona chuma cha Mjerumani cha kweli cha vita vile, nenda Ngomeni pale Fort Jesus, kuna mzinga wa meli ya Königsberg, ile iliyozama Rufiji Julai 1915 na mizinga yake 10 ikatolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Na karibu yake uko mzinga wa Pegasus, meli ya Mwingereza ambayo hio hio Königsberg iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Muuaji na maiti wamekaa uwanja mmoja wanapigwa jua, watoto wa shule wanawapanda wakipigwa picha.

Lakini usiitupe hio helmeti yako. Hadithi ni ya uongo, chuma kinaweza kuwa cha kweli. Q ni Quist, kiwanda cha mji wa Esslingen, na 64 ni saizi ya ganda, yaani chuma chenyewe kitupu, linaloingia kichwa cha sentimita 56 au 57. Misumari mitatu ndio yenyewe, miwili mbele na mmoja nyuma, inashika ukanda wa bati ambao ngozi ya vidole 8 inafungwa. Angalia vichwa vya hio misumari, kama rangi imekwaruzika kuizunguka ama misumari inang'aa upya kuliko kofia, basi kuna mtu ameifungua. Kisha chukua ile tochi ya bluu ya kuangalia noti feki, kila duka la M-Pesa inayo, zima taa na uimulike ngozi na uzi wake. Uzi wa zamani utakaa kimya, uzi wa juzi utawaka mweupe kama kanzu ya Idd. Mulika na rangi vilevile. Na inuse, mwanangu, usione haya. Kitu cha miaka themanini kinanuka vumbi na jasho lililokufa, kitu cha mwaka jana kinanuka tina ya rangi.

Bei? M42 iliyo kamili, na ngozi yake na mkanda wake wa kidevu, isiyo na stika, zile picha za tai na ngao za pembeni, huko Ulaya inakwenda mia kadhaa za yuro. Yako ngozi imeliwa, kwa hio ni ganda, na ganda ni nusu na chini ya nusu. Mie ningempa 15,000 na chai juu yake. Na usitume hata shilingi kwa simu kabla kitu hakijakaa mkononi.

SWALI: Shikamoo. Marehemu mume wangu alikuwa baharia, ameniachia kofia ya Kijerumani ile yenye mkuki juu, yote shaba inang'aa, ina tai mbele. Mpwa wangu anasema haiuzwi chini ya milioni na yeye ataniuzia. Nifanyeje?
(Mjane, Kizingo)

JIBU: Marahaba bibi, Mungu amrehemu mzee. Kabla hujampa mpwa wako, iweke kwenye mizani ya jikoni kwanza halafu uigonge kwa ukucha.

Hio kofia Waprusi, Wajerumani wa kaskazini, waliianza 1842, na ya askari wa kawaida si chuma wala si shaba. Ni ngozi, iliyochemshwa ikakazwa ikapakwa rangi nyeusi inayong'aa, nyepesi kuliko unavyodhani, ukiishika mara ya kwanza unashangaa watu walikwenda vitani na kitu kama kiatu kichwani. Shaba ni mapambo tu, mkuki, tai ya mbele, kingo. Wapiga mizinga hata mkuki hawakuwa nao, wao walikuwa na kidude cha mviringo kama tufe. Pembeni ilikuwa na maua mawili ya bati, ya kulia rangi za dola nzima, nyeusi nyeupe nyekundu, ya kushoto rangi za jimbo la askari mwenyewe. Za chuma, na chache za aina ya shaba, zilikuwepo kwa wapanda farasi wazito, lakini sura yake nyengine, nyuma zimeshuka kama mkia wa kamba wa baharini.

Ya shaba tupu kichwa kizima isiyo na mkia huo, bibi, sikufichi, hio ni pambo. India wanazitengeneza kwa wingi, zinakuja kwenye kontena moja na dira za shaba, darubini na kengele za meli, na maduka ya Mji wa Kale yamejaa, nami dukani kwangu ninayo moja namtundikia kofia yangu ya vito juu ya mkuki wake. Baharia anaweza kuwa aliinunua bandari yoyote. Si ya milioni. Lakini ilisafiri na mumeo, na hilo mpwa wako hajui bei yake, mwambie aiache mezani.

SWALI: Nimepata helmeti ina kutu, nimeisugua kwa msasa ikawa safi, sasa nataka kuipulizia rangi ya kijani na kuchora tai pembeni ipande bei. Rangi gani nzuri?
(Kijana wa Mikindani)

JIBU: Hakuna. Weka kopo chini. Ushaharibu nusu, usimalize nusu iliyobaki.

Sikulaumu sana kwa sababu mie mwenyewe ujana wangu niliokota kofia ya chuma sokoni, nikaisugua kwa wairi ya sufuria siku mbili mpaka ikawa kama sinia, nikaipeleka kwa bwana mmoja mjuzi nikitamba kuwa ni ya Mjerumani. Akaigeuza, akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Ilikuwa ya Mtaliana, M33, kichwa mviringo kama bakuli, haina lile pindo la kushuka masikioni, na vitundu vyake vitatu. Zile huku ndizo za kutarajia, maana majeshi yaliyotoka Kenya 1941 yaliingia Somalia na Uhabeshi yakawateka Wataliana kwa maelfu, na askari wetu wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, walirudi na mizigo yao. Lakini lililoniuma si hilo, aliniambia ndani ya kutu ile kulikuwa na jina lililoandikwa kwa mkono na mwenyewe, alibaini herufi mbili za mwisho zilizobaki. Jina la mtu nilikuwa nimelifuta kwa wairi.

Kwa hio kwa hewa yetu ya chumvi: futa vumbi kwa kitambaa kikavu, iweke mbali na dirisha la baharini, usiifungie kwenye mfuko wa plastiki ikatoka jasho, na ngozi usiipake mafuta ya nazi hata kama bibi yako ndivyo alivyofanya kila kitu. Na hio tai unayotaka kuchora, jua kuwa mnunuzi anajua zaidi yako. Ngao ya rangi tatu Mjerumani aliamuru iondolewe 1940, na tai ya jeshi la nchi kavu ikaachwa 1943. Ukimchorea M42 ngao ya rangi tatu umempelekea mnunuzi ushahidi wa wizi wako mwenyewe.

SWALI: Kuna mtalii Mjerumani hotelini Shanzu, anapenda vitu vya vita. Ninayo helmeti yenye ule msalaba uliopinda wa Hitler. Nimuuzie aende nayo kwao?
(Bichi boi)

JIBU: Muulize yeye kwanza atakavyoishusha uwanja wa ndege wa Frankfurt. Kwao sheria ya jinai, kifungu 86a, inakataza kuonyesha alama hio hadharani, ndio maana wauzaji wao wakipiga picha wanaifunika kwa kipande cha karatasi. Kwa wanahistoria na makumbusho kuna nafasi yake, lakini si ya kuning'iniza kwenye begi. Soko la mtandaoni la eBay nalo halitaki. Na kabla haijatoka nchini pita ofisi za makumbusho pale Fort Jesus uulize kama inahitaji kibali, usingoje kuulizwa wewe na kastamu.

Usiichanganye na ile ya mahekalu ya Kihindu hapa mjini, utaiona mlangoni, ile ni alama ya heri na ni ya zamani mno kuliko huyo mwendawazimu. Mie yenye alama ya Hitler siuzi na sinunui. Wako wakusanyaji waungwana wanaoziweka kwa ajili ya historia, nawaheshimu, lakini nimekutana pia na wale ambao macho yanawang'aa vibaya wakiishika, na mtu mweusi kumbembeleza mtu huyo apandishe bei kidogo, hapana, biashara nyengine acha ipite.

SWALI: Mimi ni bodaboda Likoni. Nimeuziwa helmeti nyeusi sura ya Mjerumani, abiria wanaipenda sana. Ni ya vita?
(Wa stendi ya feri)

JIBU: Ipige konde. Imelia po po? Plastiki, haikuwahi kuona vita, haikuwahi kuona hata mvua ya mwaka jana. Na hata ingekuwa ya chuma ya kweli nisingekuachia uiendeshee, ile ilitengenezwa kuzuia vipande vya mzinga vinavyodondoka, risasi ya bunduki kwa karibu inapita, na ndani hamna sponji, hamna chochote ila ngozi na kamba, ukianguka pale mteremko wa feri chuma kinakupigia kichwa wewe mwenyewe. Nunua ya pikipiki yenye kioo, na ununue mbili. Umesema abiria wanaipenda yako, hukusema wao wanavaa nini.