Treni ya Lego ijiendeshe yenyewe: akili iweke mezani, sio kwenye treni

Kila nikikutana na mtu mwenye treni za Lego hapa Moshi swali huwa ni moja, "kaka nifanyeje isimame yenyewe stesheni, sio muda wote nimeshika rimoti?" Na mi jibu langu ni lilelile: usianze kufungua treni kutafuta pa kubana vidude. Treni iache ilivyo, akili yote weka kwenye meza, yani sensa (kidude kinachohisi treni ikipita) pembeni ya reli, Arduino (kikompyuta kidogo kinachoendesha programu) chini ya ubao, sevo (kimota cha kusukuma njia igeuke) pale njia zinapogawanyika.

Nasema hivo kwa sababu ya namna tunavyozipata. Lego zangu nyingi ni za mitumba, nachambua mafurushi ya midoli masoko ya Memorial na Kiborloni, zingine zinaletwa na ndugu walioko nje, kwa iyo huchagui kizazi. Leo unapata ya 9V iliyoanza 1991 ambayo umeme unapita kwenye reli zenyewe zilizovikwa chuma, kesho unapata Power Functions, mfumo wa 2007 wa rimoti ya infraredi, keshokutwa Powered Up ya 2018 ya blututhi. Kama akili iko mezani, kubadilisha treni ni kubadilisha kipande kidogo tu cha programu kinachosema "nenda" na "simama", sensa hazijali nani anapita.

Hicho kipande chenyewe kinategemea treni yako. Power Functions ndo rahisi kuliko zote, taa moja ya LED ya infraredi na rezista kwenye pini ya Arduino Uno, inatuma ishara ya 38 kHz kama rimoti ya kweli, ila iweke juu kidogo itazame kichwa cha treni pale unapotaka isimame, maana ikifunikwa na jengo treni haisikii kitu. Ya 9V utahitaji draiva ya mota, yani kibodi kinachopeleka umeme wa treni kwa amri ya Arduino, L298N inatosha, ila ujue inakula kama volti 2 njiani kwa iyo usiilishe 9V kamili ukategemea 9V zitoke. Powered Up inataka ESP32, kikompyuta kidogo kama Arduino, na hapa sikiliza vizuri kabla hujatuma hela Kariakoo: usinunue kile kimoduli cha HC-05, kile ni blututhi ya zamani, hakiongei kabisa na Powered Up inayotumia blututhi ya nishati ndogo. ESP32 inayo tayari ndani yake na kuna laibrari, yani programu iliyoandikwa tayari, inaitwa Legoino imeshafanya kazi ngumu yote.

Sasa sensa, na hapa ndo naomba utulie, kwa sababu treni inayojiendesha ni treni inayojulikana iko wapi, basi, mengine yote ni mapambo. Chukua ile ndogo ya infraredi yenye vitaa viwili, cheusi na cheupe, na kiskrubu cha kurekebishia umbali. Ni bei ya chini na inafanya kazi ila ina tabia zake. Ya kwanza jua. Meza ikiwa karibu na dirisha, mchana mwanga ukiingia sensa inaona treni hata kama hamna, kwa iyo ijengee kijumba cha matofali ya Lego meusi ibaki na tundu la mbele tu. Ya pili rangi, behewa jeusi halirudishi mwanga vizuri, bandika kipande cha karatasi nyeupe ubavuni inatosha. Ya tatu ndo inayosumbua watu wengi: kati ya behewa na behewa pana uwazi, sensa ikifika hapo inasema treni imeisha, alafu behewa linalofuata inasema treni nyingine imekuja! Dawa yake iko kwenye programu, usikubali kwamba treni imepita mpaka sensa ikae sekunde nzima haioni kitu, na kama we mwenyewe ndo umeisimamisha hiyo sekunde usiihesabu, maana inaweza ikawa imesimama uwazi ukiwa mbele ya sensa kabisa.

Kuna wanaopenda swichi ya sumaku, wanabandika kasumaku chini ya kichwa. Nzuri, jua haliisumbui, ila kumbuka mabehewa ya Lego yenyewe yanashikana kwa sumaku na ukiiweka swichi karibu sana nazo zinaishtua. Mi nabaki na infraredi.

Na sensa ya kusimamishia usiiweke stesheni, iweke kabla ya stesheni, ikiona treni punguza mwendo hatua kwa hatua (Power Functions ina hatua saba kila upande) mpaka isimame. Treni ikiingia taratibu hivo hata mtoto aliyekuwa amenuna anasogea mezani kuangalia, na mimi kwa kweli ndo kitu nachokipenda kuliko vyote kwenye huu mchezo.

Umeme wa sevo usitoe kwenye Arduino. Sevo ndogo kama SG90 ikianza kuzunguka inavuta mkupuo mkubwa na Arduino inajizima na kuwaka upya, alafu unakesha unatafuta kosa kwenye programu wakati kosa liko kwenye waya. Tumia chaja ya simu ya 5V peke yake kwa ajili ya sevo, hasi yake iunge na hasi ya Arduino, hiyo usisahau. Njia za kugawanyia za Lego zina springi inayoshika yenyewe ikishageuka, kwa iyo sevo ikimaliza kusukuma ikatie ishara, haitanguruma wala kupata joto.

Umeme wa nyumbani nao ukikatika na kurudi, Arduino inaamka haijui treni iko wapi. Kwa iyo programu ianze kwa kusimamisha kila kitu, alafu itembeze treni polepole mpaka sensa ya kwanza iione, ndo shughuli ianze.

Ukishaweza moja, weka mbili kwenye njia moja. Mi nimeiga reli yetu wenyewe, ya kutoka Tanga iliyofika Moshi 1911 na Arusha 1929, ambayo ni njia moja, treni mbili zinapishana stesheni tu. Mezani hivohivo: kipande cha kati kina mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja, programu inaandika jina la treni iliyoingia, nyingine inasubiri kwenye njia ya pembeni mpaka sensa ya mwisho ithibitishe mwenzake katoka. Power Functions ina chaneli nne kwa iyo kila treni ipe yake. Kwa 9V itabidi ukate umeme wa reli vipande vipande maana treni zote mbili zinakula reli moja. Na hapa amri ya delay, ile ya kuifanya Arduino isubiri bila kufanya kingine, iache kabisa, tumia millis, yani iangalie saa yake huku ikiendelea na kazi, kwa sababu Arduino ikiwa imelala kwenye delay ikisubiri treni moja iondoke, ile nyingine ikipita kwenye sensa hamna anayeiona, na zitakutana katikati.