Maswali na majibu: Mshono wa nyuma ya sikio baada ya upasuaji wa kukaza uso

SWALI: Assalaam aleikum, Daktari. Nina umri wa miaka 57 na ninaishi Mombasa. Siku 11 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso na shingo huko Istanbul, na nimerudi nyumbani juzi. Nyuzi za mbele ya masikio zilitolewa kabla sijasafiri, lakini ndani ya nywele bado kuna pini za chuma. Mbele kumekauka vizuri. Nyuma ya sikio la kushoto pana kigaga cheusi, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Hakiumi hata kidogo, na ndewe ya sikio hilo imekufa ganzi. Wifi yangu anasisitiza nipake spiriti kisha manjano. Nifanye nini? Na ni lini nitaweza kuosha nywele, kutawadha kama kawaida, kuvaa ushungi na kupaka hina?

JIBU: Waaleikum salaam, Mama, na pole kwa safari. Nianze na hicho kigaga, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri.

Mkato wa upasuaji huu kwa kawaida huanzia kwenye nywele za panja, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe, hupanda kwenye mkunjo wa nyuma ya sikio, kisha hupotelea kwenye nywele za kisogoni. Kwa macho ni mshono mmoja, lakini hauponi kwa kasi moja. Ngozi iliyoinuliwa hupata damu yake kutoka upande wa uso, na kadiri inavyovutwa kuelekea nyuma ndivyo inavyokuwa mbali zaidi na mishipa inayoilisha. Nyuma ya sikio ndipo inapokuwa nyembamba kuliko kwingine na ndipo inapobeba mvuto mkubwa. Kwa hiyo ngozi ikikosa damu ya kutosha hadi kufa, mara nyingi hufia hapo hapo ulipopataja, wakati mbele kunang'aa na kila mgeni anakusifu. Wagonjwa wengi huutunza mshono wanaouona kwenye kioo na kuusahau huu mwingine.

Kigaga chako kinaweza kuwa damu iliyoganda tu, au kinaweza kuwa ngozi iliyokufa. Damu iliyoganda hulainika ikiloweshwa, huachia kingo zake yenyewe baada ya siku chache, na chini yake huwa na ngozi ya waridi. Ngozi iliyokufa huwa ngumu kama kipande cha ngozi ya kiatu, imeshikamana na mwili, wala hailainiki kwa maji. Usijaribu kuibandua ili uone ni ipi kati ya hizo mbili. Mwone daktari wa upasuaji leo au kesho, na kabla hujapaka chochote mwombe binti yako apige picha ya mahali hapo, uitume kwa daktari aliyekupasua. Hata ikithibitika kuwa ni ngozi iliyokufa, eneo dogo kama hilo kwa kawaida huachwa lijifunge lenyewe kwa wiki kadhaa, bila upasuaji mwingine. Kitakachoamua zaidi ni kama unavuta sigara au shisha. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyo nusu hai haina akiba ya kuvumilia hilo. Kama kuna shisha nyumbani, iondoke kabisa kwa wiki nne angalau. Ukiwa na kisukari au shinikizo la damu, dawa zako zisikatizwe.

Kutouma si dalili ya usalama, na hili nalisisitiza. Mshipa wa fahamu unaohudumia ndewe na sehemu ya chini ya sikio hupita karibu sana na mahali panapofanyiwa kazi, kwa hiyo ganzi ni jambo la kawaida na huchukua miezi kadhaa kuisha. Katika muda huo sikio halitakuambia kwamba linaungua. Nyie wa Pwani mna desturi nzuri ya kufukiza nywele kwa udi. Msihi yeyote asikuinamishe juu ya chetezo mpaka hisia zirudi, na mashine ya kukausha nywele iwekwe kwenye upepo wa baridi. Barafu nayo isigusane moja kwa moja na ngozi yenye ganzi.

Sasa usafishaji. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kipande cha gozi (kitambaa chembamba cha kufungia vidonda), si pamba, kwa sababu nyuzinyuzi za pamba hunasa kwenye pini na kwenye kigaga. Kiloweshe kwa maji ya chumvi ya hospitali, au kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kiweke juu ya mshono kwa dakika tano hadi kumi, kisha kizungushe taratibu bila kusugua, na mwisho ukaushe kwa kugusagusa. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Baada ya hapo paka vaselini nyembamba sana kwenye mshono kwa kijiti safi. Tumia tyubu mpya, si kopo linalochovywa vidole na nyumba nzima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulilinganisha vaselini ya kawaida na mafuta ya antibiotiki kwenye majeraha safi ya upasuaji mdogo, na tofauti ya maambukizi haikuwa ya maana. Isitoshe, baadhi ya mafuta hayo huwapa watu mzio. Lakini vaselini nyingi kwenye joto la Mombasa ni hasara: mkunjo wa nyuma ya sikio hukusanya jasho, na ngozi hugeuka nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Ukiona hivyo, punguza mafuta na uache hewa ipite.

Wifi yako anakutakia mema, bila shaka. Spiriti hata hivyo huua chembe changa zinazojenga ngozi kama inavyoua vijidudu, na huukausha mshono hadi ukapasuka. Manjano ya jikoni si dawa iliyotakaswa. Unga wake hujificha kwenye jeraha, na rangi yake humzuia daktari kuona kama wekundu ni wa kupona au wa maambukizi. Asali hutumika hospitalini, lakini ni ile iliyotayarishwa kwa vidonda, si ya chupa ya sokoni.

Nywele unaweza kuziosha sasa, isipokuwa kama daktari wako amekukataza, kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya watoto, ukiwa umesimama na maji yakishuka nyuma badala ya kuinamia beseni. Pini haziharibiwi na maji. Katika kutawadha, maji safi yanayotiririka hayadhuru mshono uliokwisha kufunga. Kinachodhuru ni unyevu unaobaki nyuma ya sikio, basi pakaushe kila mara. Kuhusu hicho kigaga, hukumu ya mwenye jeraha muulize sheikh wako. Kitabibu ningependa kisisuguliwe. Kinachonihusu zaidi ni sijida. Kuinamisha kichwa chini ya moyo hupandisha msukumo wa damu usoni, na ndiyo maana ninawaomba wagonjwa wangu wasali wakiwa wameketi kitini hadi wiki mbili ziishe. Kwako ni siku tatu zaidi. Usiku lala chali, mito miwili au mitatu mgongoni na kichwani.

Ushungi wa pamba uliolegea hauna shida. Kinachokatazwa ni kofia ya ndani inayobana, kwa kuwa mshono wa nyuma ya sikio hukandamizwa kati ya kitambaa na mfupa, pamoja na pini za ushungi zinazochomwa kando ya sikio usilolihisi. Kumbuka kwamba katika wiki ya tatu mshono bado hauna hata theluthi ya uimara wa ngozi ya kawaida, na hufikia takriban asilimia 80 baada ya miezi mitatu. Vipuli vizito vya dhahabu visubiri wiki sita, la sivyo ndewe itavutwa chini. Hina nayo isubiri wiki sita na mshono uwe umefunga wote. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, ninaiogopa zaidi, maana kemikali zake husababisha mzio mkali hata kwenye ngozi nzima.

Kovu ni suala la baadaye, lakini jiandae nalo mapema. Mshono ukishafunga kabisa, jeli au karatasi ya silikoni itumike kila siku kwa miezi miwili au mitatu, na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi iwepo kila utokapo, kwa sababu kovu changa kwenye ngozi nyeusi huwa jeusi zaidi likipigwa na jua. Mafuta ya vitamini E huwaletea baadhi ya watu mzio bila kulisaidia kovu, na krimu za kujichubua zisikaribie hapo. Sikio ni mojawapo ya mahali keloidi, yaani kovu nene linalokua kupita jeraha lenyewe, hupenda kuota. Mshono ukianza kuwasha na kuinuka baada ya wiki kadhaa, mwone daktari wa ngozi upesi. Sindano za steroidi hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa changa.

Usingoje miadi bali nenda hospitali mara moja ukiona uvimbe wa upande mmoja unaokua na kukaza, usaha au harufu mbaya, wekundu unaosambaa, homa ya 38 kwenda juu, au mdomo kwenda upande. Baada ya safari ndefu ya ndege, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikiwa fupi, hilo nalo ni la dharura.

Jambo la mwisho ni pini zenyewe. Kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 12, kwa hiyo zako zimekaribia. Hutolewa kwa koleo lake maalumu, ambalo si kila zahanati inalo, basi piga simu uulize kabla ya kwenda. Waulize Istanbul waliweka ngapi kila upande, kisha mwombe muuguzi azihesabu zinapotoka. Nywele huficha, na nimewahi kutoa pini iliyosahaulika kwa mgonjwa aliyekuja kulalamika kwamba kitana chake kinakwama kila asubuhi mahali pamoja.