Ikoni zimevurugika kwenye Qubes baada ya apdeti: jua kwanza ugonjwa uko upande gani

Mkuu nimesoma ulichouliza, upo Qubes 4.2 (mfumo endeshi unaotenga kazi zako kwenye mashine pepe ndogo ndogo, kila moja inaitwa qube), ulikuwa unapiga apdeti umeme ukakata katikati na betri yako ndiyo hivyo haikai, sasa ukifungua menyu nusu ya ikoni zimegeuka kikaratasi cheupe, Firefox ya qube moja imepoteza rangi, na zile ndogo za karibu na saa mbili tatu hazionekani. Halafu kuna ndugu hapo juu amekushauri ushushe seti mpya ya ikoni mtandaoni uiingize dom0, yaani sehemu kuu inayosimamia mashine yote, kwa qvm-run, komandi ya kuendesha kitu ndani ya qube kutoka dom0. Hilo naomba sana usilifanye, nitakueleza sababu, na mengine karibu yote yanatibika bila kugusa bando.

Mimi nipo Mwanza, natengeneza mashine mitaa ya Makoroboi, na nina wateja niliowawekea Qubes, wengine waandishi wa habari, wengine wafanyabiashara tu wanaoogopa kuibiwa kwenye akaunti. Umeme wa kukatika na bando la kuisha katikati ya apdeti ndiyo maisha yetu huku kwahiyo hili tatizo lako nalijua vizuri.

Kwanza elewa ikoni inafikaje kwenye menyu, ukielewa hapo utajitibia mwenyewe hata kesho. Dom0 ndiyo inayoshika skrini na haina intaneti kabisa. Programu zenyewe, Firefox, Thunderbird na nyingine, zinaishi kwenye templeti, yaani qube mama ambayo qube nyingine zinachukua programu kutoka kwake. Ukiinstoo kitu kwenye templeti, templeti inaipa dom0 orodha ya programu zake, na dom0 inaomba picha ya kila moja. Sasa hiyo picha haiji kama PNG wala SVG, zile aina za kawaida za mafaili ya picha. Inakuja pikseli tupu: upana, urefu, halafu kila pikseli baiti nne, nyekundu, kijani, bluu na ya uwazi. Basi. Wamefanya hivyo makusudi kwasababu programu za kusoma PNG na SVG zimekuwa zikipatikana na matundu miaka nenda rudi, templeti au qube iliyoingiliwa ingeweza kutuma picha yenye sumu, dom0 ikaifungua, na aliyeingia dom0 ana mashine yako nzima, qube zote. Pikseli tupu hazina cha kuficha. Dom0 ikishazipokea inazipaka rangi ya lebo ya qube husika (ile rangi uliyoichagua ulipoiunda) na kuzihifadhi yenyewe.

Ndiyo maana ushauri wa kuingiza seti ya ikoni siukubali hata kidogo. Ni mamia ya mafaili ya SVG kutoka kwa mtu usiyemjua unayapeleka yakafunguliwe na maktaba za dom0, yaani ule mlango waliouziba Joanna Rutkowska, mwanzilishi wa Qubes, na wenzake unaufungua mwenyewe kwa ajili ya ikoni nzuri. Ndugu aliyeshauri najua ana nia njema na kwenye Ubuntu au Mint ni kitu cha kawaida kabisa, ila hapa siyo.

Na usichukulie ikoni za Qubes kama urembo. Nina mteja wangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, ana qube ya kijani kwa ajili ya benki na nyekundu kwa ajili ya kila kitu kinachotoka nje, invoisi za wateja wapya, viungo vya WhatsApp na takataka nyingine. Siku ikoni zake zilipopoteza rangi baada ya mashine kuzimika ghafla, kwenye menyu alikuwa na Firefox mbili zinafanana kabisa, akafungua ya benki akidhani ni ile nyingine, akawa tayari kubofya kiungo cha invoisi. Kilichomshtua ni fremu ya dirisha, ilikuwa kijani. Fremu inachorwa na dom0, qube haiwezi kuigusa wala kuigiza, kwahiyo mpaka umalize kutengeneza ikoni usiangalie ikoni kabisa, angalia fremu na jina la qube lililo kwenye kichwa cha dirisha.

Sasa kutafuta ugonjwa. Fungua menyu uangalie ikoni za vitu vya dom0 yenyewe, terminali ya Xfce (programu inayochora menyu, paneli na madirisha ya dom0), mipangilio, meneja wa mafaili. Hizo hazipakwi rangi ya lebo. Zikiwa nzima na zilizoharibika ni za qube tu, tatizo liko kwenye zile picha zilizotoka templeti. Za dom0 nazo zikiwa kikaratasi, tatizo ni la dom0, seti yake ya ikoni au kile kinachosoma SVG. Na kama ikoni zinaonekana ila zimechanika chanika, zina mistari, au zinarudi sawa ukipitisha mausi juu yake, basi mafaili yako ni mazima, hiyo ni draiva ya grafiki, nitaigusa chini.

Kwa maelezo yako wewe, umeme kukata na qube kadhaa kuharibika, naweka asilimia kubwa kwenye la kwanza. Umeme ukikata wakati faili linaandikwa, jina linaweza kuwa limeshaandikwa kwenye diski lakini yaliyomo bado, ukiwasha unakuta faili lipo lina baiti sifuri. XFCE inaliona lipo, inajaribu kulifungua, hamna kitu, inakuwekea kikaratasi. Fungua terminali ya dom0 uandike:

find ~/.local/share/qubes-appmenus -name '*.png' -size 0

Ukiona inatoa mistari, hao ndio wagonjwa wako. Kila mstari utakuonyesha jina la qube au templeti kwenye njia ya faili kwahiyo unajua kabisa nani kaumia. Kabla hujafuta chochote piga kwanza df -h / uone dom0 ina nafasi, maana diski ya dom0 ikijaa nayo inazaa mafaili matupu yaleyale na utafuta utengeneze yatarudi matupu tena. Nafasi ikiwepo, rudia ile komandi ukiongeza -delete mwishoni, halafu:

qvm-sync-appmenus jina-la-templeti

Hii inaiwasha templeti, inaiomba orodha na picha upya. Haitumii intaneti, ni mazungumzo ya ndani ya mashine. Ikimaliza, kwa kila qube iliyoharibika inayotumia templeti hiyo:

qvm-appmenus --update --force jina-la-qube

Ule mpangilio ni muhimu, templeti kwanza qube baadaye, kwasababu ikoni ya qube inatengenezwa kutokana na ile ya templeti na kupakwa rangi, ukianza na qube wakati ya templeti bado ni tupu unazungusha ugonjwa. Na hiyo --force usiisahau, bila hiyo inaangalia faili inaona liko sawa inaliacha. Baada ya hapo toka kwenye akaunti uingie tena, siyo lazima uzime mashine.

Kama apdeti yenyewe ya templeti ilikatika katikati, imalizie kwanza kabla ya hayo yote. Kwenye Fedora na Debian rudia apdeti kwa kutumia kile kidirisha cha Qubes Update, ya Debian ikigoma ingia kwenye terminali ya templeti piga sudo dpkg --configure -a ndipo urudie. Hapa ndipo bando litahitajika kidogo.

Kuna kesi ya templeti ndogo, zile minimal. Watu wanazipenda huku kwasababu ni nyepesi kushusha, ila zinakuja bila vitu vingi, na kama hakuna programu ya kugeuza SVG kuwa pikseli, ikoni za SVG hazitafika dom0 hata ufanye sync mpaka usiku. Kifurushi kwenye Fedora kinaitwa librsvg2-tools, kwenye Debian librsvg2-bin. Kiinstoo kwenye templeti, siyo dom0, kisha sync.

Ikoni ulizoburuta mwenyewe kwenye paneli zina tabia yake. Ukiiweka programu kwenye paneli, XFCE inajitengenezea nakala ya kile kifaili cha kuanzishia, inakiweka chini ya ~/.config/xfce4/panel/ kwenye folda za launcher. Nakala hiyo haifuatilii mabadiliko. Ukibadilisha jina la qube, ile ya paneli inabaki inaelekeza kwenye njia ambayo haipo tena, inakuwa ikoni ya jumla na ukibofya haifungui kitu. Itoe kwenye paneli uiweke upya kutoka kwenye menyu, hamna dawa nyingine ya maana.

Za karibu na saa, kama ni zile za Qubes yenyewe, ya orodha ya qube zinazowaka, ya vifaa, mara nyingi zilikufa wakati paneli inaanza na kuziamsha ni hivi, mfano ile ya qube:

systemctl --user restart qubes-widget@qui-domains

na ya vifaa unaweka qui-devices mwishoni. Zikigoma kuonekana piga xfce4-panel -r paneli ijizime na kuwaka yenyewe. Madirisha yako hayafungwi, usiogope.

Kuna hii pia inachanganya watu, menyu iko safi lakini dirisha likishafunguka ikoni yake kwenye paneli ni ile ya jumla ya qube badala ya ya Firefox. Hiyo ni njia nyingine kabisa, inapita kwenye huduma ya qubes.WindowIconUpdater, ndani ya qube kuna programu inaitwa icon-sender inayotuma ikoni ya dirisha wakati dirisha linafunguka. Ingia terminali ya qube hiyo piga ps aux | grep icon-sender, kama haipo basi qube haijaianzisha, izime uiwashe. Kama ipo na bado, angalia sera, yaani sheria za qube gani inaruhusiwa nini, kule /etc/qubes/policy.d/ kama kuna mstari uliowahi kuandika wa kuzuia huduma hiyo. Wapo wanaoizuia makusudi ili qube isiwe na njia hata hiyo ya kutuma kitu dom0, na mimi nawaelewa kabisa, kwa mwandishi anayefuatilia habari nzito ningeiacha imezuiwa.

Ikiwa za dom0 ndizo zimekufa zote, usikimbilie kushusha kitu. Uliza kwanza mashine yenyewe:

rpm -V librsvg2 adwaita-icon-theme hicolor-icon-theme

Hii inalinganisha mafaili yaliyopo na kumbukumbu ya vifurushi. Ikinyamaza, mafaili ni mazima, basi jenga upya kashe kwa sudo gtk-update-icon-cache -f /usr/share/icons/hicolor na uingie kwenye mipangilio ya mwonekano uchague seti ya ikoni nyingine kati ya zilizopo kisha urudi kwenye ya kwanza. Ikikutajia mafaili yaliyokosekana au kubadilika, kifurushi hicho kirudishe kwa njia rasmi, sudo qubes-dom0-update --action=reinstall librsvg2 kwa mfano, kinashushwa na qube ya apdeti na dom0 inahakiki saini kabla ya kukiweka. Tofauti na ile ya qvm-run ni hiyo saini.

Ya grafiki kama nilivyosema, ikoni zinazochanika hasa baada ya kufunika mashine na kuifungua, jaribu kuzima kompoziti ya XFCE, ile inayoweka vivuli na uwazi kwenye madirisha:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Ikitulia umeshajua ni draiva, ikoni ziache.

Tahadhari na majibu ya zamani utakayokutana nayo ukigoogle. Mpaka kabla ya toleo 3.2 la mwaka 2016 Qubes ilikuwa inakuja na KDE, mazingira mengine ya skrini kama XFCE, kwahiyo komandi za kujenga upya menyu ya KDE kwenye XFCE hazifanyi kitu, na wanaokutuma ukafute mafaili ya ikoni chini ya /var/lib/qubes wanaongelea matoleo ya 3, humo sasa kuna vitu vingine vya muhimu sana usiguse.

Ukifanya ya templeti na ile force na bado kikaratasi kipo, rudi hapa na vitu vitatu, matokeo ya ile find, matokeo ya df -h /, na skrinshoti ya menyu. Skrinshoti ipige dom0 halafu itoe kwa qvm-copy-to-vm ukitaja qube unayotumia kuingia mtandaoni na jina la picha. Kabla hujaituma ficha majina ya qube zako nyingine, hayatuhusu sisi.