Machozi yako na albamu ya Dirt: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unasema tangu upewe albamu ya Dirt ya Alice in Chains, bendi ya roki ya Marekani, huwezi kuifikisha mwisho bila kulia, na machozi hayo yanakutia aibu. "Mama," umeandika, "mimi sijawahi kuvuta hata sigara. Kitanda nisichokilalia nitawajuaje kunguni wake? Najiona nimejipenyeza kwenye msiba wa watu." Halafu chini kabisa, kwa mstari mmoja tu, unaniuliza kama umtumie mjomba wako albamu hiyo.

Nianze na aibu, maana nataka ikutoke.

Rudi kwenye wimbo wa Rooster. Ni wimbo wa vita ndani ya albamu ambayo kila mtu huiita ya heroini, na wengi hujiuliza umefikaje pale. Jerry Cantrell, mpiga gitaa wa bendi, aliuandika kumhusu baba yake, mwanajeshi wa Marekani aliyepigana Vietnam, na Rooster ni jina la utani la mzee huyo. Cantrell alizaliwa 1966. Msitu ule hakuukanyaga, risasi zile hakuzisikia, na baba mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa akasimulia vita. Hata hivyo kijana aliandika kwa "mimi", kana kwamba ndiye anayewindwa. Kisha akampa Layne Staley, mwimbaji wa bendi, aimbe, mtu ambaye mzee yule hakumzaa wala hakumlea. Cantrell amesimulia kwamba baadaye alimuuliza baba yake kama alifika karibu na alichokipitia, na mzee akamjibu kwamba amekaribia mno.

Sasa niambie, huyo naye alijipenyeza? Hakudai kitanda kilikuwa chake. Alitaka kujua baba yake alikilaliaje. Wewe unaposikiliza unafanya kazi ileile, ila umekaa upande wa pili, wa wanaosikiliza. Bendi iliyotoka Seattle na kuitoa rekodi hii Septemba 1992 haikuiuza kwa mateja peke yao. Walitaka mtu kama wewe asikie.

Na kabla hujaelewa neno lolote, mwili wako ulikwisha kuelewa. Hesabu mapigo ya wimbo wa kwanza, Them Bones, kwenye beti zake: ni saba. Masikio yetu yamezoea manne au manane, kwa hiyo mguu unatafuta pigo la mwisho haulipati, na kabla hujajiweka sawa mzunguko umeanza tena. Kiitikio kikija mapigo yanakuwa manne, unavuta pumzi, kisha unarudishwa kulekule. Nyuzi za magitaa nazo zimeshushwa chini ya kawaida, ndiyo maana uzito wake unausikia kifuani. Hilo si jambo la kufikiri. Unasukumwa mahali pasipo na pa kushika, na binadamu yeyote aliyewahi kupoteza usingizi kwa hofu anapatambua.

Lakini nadhani kinachokuliza zaidi ni sauti ya pili.

Staley ndiye yuko mbele, na sauti yake haihitaji kusifiwa na mimi. Ila mara nyingi hayuko peke yake. Cantrell anaimba ubavuni mwake, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, juu kidogo au chini kidogo, karibu mpaka wakati mwingine sauti zinasuguana. Hazipatani kama kwaya inavyopatana, na haziachani. Mimi nimeisikiliza albamu hii miaka mingi nikiwa dada wa mtu aliyetumia unga, na sijawahi kupata maelezo bora ya maisha yale kuliko sauti hizo mbili. Uko naye. Unalijua neno lake kabla hajalitamka. Akishuka unashuka, akipanda unapanda, na kwa ukaribu wote huo huwezi kumtoa alipo. Cantrell mwenyewe alikuwa na vita vyake na ulevi, alikuja kuuacha miaka ya baadaye, kwa hiyo simweki kwenye kiti cha malaika. Nasema tu kwamba katika nyimbo hizi yupo mtu wa pembeni, na wewe mwanangu umezaliwa katika ukoo wa watu wa pembeni.

Mjomba wako unayemjua wewe ni yule mpole anayekumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtu. Yule mwingine hukumkuta. Arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ilipompanda, alitetemeka kwa baridi huku shuka limelowa jasho, makamasi yakimtoka, miguu ikirusha mateke yenyewe, tumbo halitulii, na usingizi hakuna kwa siku kadhaa. Nilikaa upande wa pili wa mlango kwa sababu hakutaka nimwone. Aliponitukana nilimjibu kwa upole, aliponiomba pesa nilikaa kimya. Sikukusimulia haya kwa sababu ni yake, na hata sasa nakupa kidogo tu, kile alichoniruhusu.

Basi nikifika kwenye Junkhead, nasimama. Hapo ndipo wazazi wengi huzima muziki. Anayeimba hajutii chochote. Anajivuna, anawadharau wanaomhurumia, anajiona ameujua mlango ambao sisi wengine hatujaujua. Nimewasikia watu wakisema wimbo huo ni tangazo la heroini. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwangu mimi ndio wimbo wenye ukweli mwingi kuliko yote iliyomo, kwa sababu mjomba wako alizungumza hivyohivyo, kwa kiburi kilekile, miezi ya mwanzo. Albamu ingeanza na majuto ingekuwa hotuba, na teja hotuba amezisikia zote. Hawa walikubali kwanza kusema kwamba ni tamu. Na ni tamu kweli. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, ikaenda kushika palepale ambapo mwili hupeleka vituliza maumivu vyake wenyewe, ila kwa nguvu ambayo mwili peke yake hauifikii. Siku zinavyokwenda ubongo unajirekebisha, kipimo cha jana hakitoshi leo, na hatimaye mtu hatumii tena ili apae. Anatumia ili asiumwe, aweze kuvaa viatu na kutoka nje. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba unga hauna raha yoyote amempa sababu ya kutomwamini siku atakapouonja.

Nyimbo zinazofuata Junkhead zinashuka ngazi hiyo, na wenye bendi walieleza kwamba zimepangwa kwa makusudi, kutoka kwenye majivuno hadi kwenye kujua gharama. Hate to Feel na Angry Chair Staley alizitunga mwenyewe, maneno na muziki. Angry Chair mimi siichezi mara nyingi. Nikiicheza naicheza mchana.

Huenda umejiuliza, kama Staley, naye mtumiaji wa heroini, aliyajua yote hayo, kwa nini hayakumwokoa. Hilo limenisumbua muda mrefu. Kujua hakutoshi, mwanangu. Aliliona shimo, akalieleza vizuri kuliko yeyote, na bado alikuwa ndani yake. Mwaka 1996 alisema kwa masikitiko kwamba mashabiki walikuwa wakimjia na kumwonyesha dole gumba, wakimwambia wamelewa dawa, na kwamba hicho ndicho hasa ambacho hakutaka kitokee. Wapo basi walioisikiliza albamu hii wakasikia Junkhead peke yake. Wewe unaona aibu kwa sababu umelia. Mimi ningeogopa kama ungeniandikia kwamba imekusisimua.

Aprili mwaka huohuo walirekodi onyesho la televisheni ya MTV kule Brooklyn, New York, wamekaa, wanapiga magitaa yasiyo ya umeme. Litafute. Mwili umemwisha Staley, lakini anapoimba Down in a Hole na Cantrell akamfuata, sauti zile mbili ziko palepale zilipokuwa. Julai alipanda jukwaani na bendi yake kwa mara ya mwisho. Alikufa tarehe 5 Aprili 2002, ana umri wa miaka 34, kwa heroini iliyochanganywa na kokeni, na alikaa ndani kwake takriban wiki mbili kabla ya kukutwa. Polisi walipoingia, mama yake alikuwa pamoja nao. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo. Mike Starr, aliyepiga besi kwenye albamu hii, naye alikufa 2011 kwa dawa. Watu wanne waliirekodi, wamebaki wawili.

Na wimbo wa mwisho, Would?, tayari ulikuwa msiba kabla hao hawajafa. Cantrell aliuandika kwa ajili ya Andrew Wood, mwimbaji wa bendi ya Mother Love Bone na rafiki yao kule Seattle, aliyekufa Machi 1990 akiwa na miaka 24 baada ya kuzidisha heroini. Wood alikuwa amejaribu kuacha, akarudi. Huo ndio wakati wa hatari kuliko yote, na watu wengi hawaujui: mwili ukikaa bila dawa unapoteza uzoefu wake, kisha mtu anarudi kwenye kipimo chake cha zamani, na kipimo kile sasa kinasimamisha pumzi. Ndiyo maana mjomba wako alipokuwa safi wiki za mwanzo mimi ndipo nilipolala kidogo zaidi, ingawa kila mtu alinipa hongera.

Sikiliza nani anaimba nini pale. Beti ni za Cantrell, kwa sauti ya chini, kisha Staley anapaa kwenye kiitikio. Cantrell amesema wimbo huo unawahusu pia watu wepesi wa kuhukumu. Mwombolezaji ndiye anayetangulia, na mgonjwa anamjibu. Sasa wewe ukilia hapo, umelia mahali ambapo mtunzi mwenyewe alikuwa analia, kwa sababu ileile: mtu wa pembeni aliyeshindwa kumrudisha mwenzake. Hicho kitanda, mwanangu, ni chetu. Wewe umekilalia bila kuambiwa, tangu ulipokuwa mdogo ukiniona nashtuka simu ikilia usiku.

Kuhusu mjomba wako: usimtumie.

Najua unavyofikiri. Unaona umegundua kitu kinachoweza kukuleta karibu naye, na nia yako naipenda. Lakini muziki kwa mtu aliyewahi kutumia haufanyi kazi kama unavyofanya kwako. Ubongo huifunga dawa pamoja na kila kilichokuwapo wakati wa kuitumia: harufu ya kiberiti, kona fulani, rafiki fulani, wimbo fulani. Miaka inapita, mtu ametulia, kisha kitu kimoja kati ya hivyo kinatokea bila hodi na hamu inaamka nzima kama ya jana. Wengine wanaisikiliza Dirt wakiwa wameacha na inawapa nguvu, wanasema hatimaye kuna aliyewaelewa. Wengine hawawezi kufika hata wimbo wa tatu. Yeye yuko upande gani sijui, na kumpelekea kifurushi ili tujue si haki. Aliwahi kuniambia kuna nyimbo huzikimbia, akatoka chumbani kweli zilipoanza, na sikumuuliza ni zipi zote.

Kwa hiyo muulize kwanza. Mwambie umeisikiliza albamu hii, imekuliza, na umemkumbuka. Usiseme unamwelewa. Sema ungependa kumwelewa, kisha nyamaza, maana yeye si mwepesi wa kujibu na ukijaza kimya kile kwa maneno atakuachia mazungumzo yote. Akisema hapana, iwe hapana, usitafute sababu. Akisema ndiyo, msiisikilize kila mtu kwake na simu yake. Nenda, mkae pamoja, muifikishe mwisho pamoja, na mkimaliza usiondoke haraka.

Mpigie jioni. Mchana huwa kazini, hapokei.

Akupendaye,
Mama