Ethi ya amplifaya hupimwa muziki ukiwa unapiga

Fundi mpya akishafunga amplifaya kwenye buti la gari, huweka mita kwenye alama ya mlio, akagusa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, na bodi yenyewe, mita ikalia, basi kazi imeisha. Mlio ule haujamwambia kama hapo patapita mkondo mkubwa. Mita hulia hata kwa unyuzi mmoja wa shaba.

Piga hesabu kwanza. Amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, inayotoa wati 1000 za kweli, si zile za kwenye boksi, hula kama wati 1250. Gawa kwa volti 13.8 za alteneta, unapata ampea 90 hivi. Zote zinazoingia kwa waya mwekundu lazima zirudi betri kupitia ethi. Njia hiyo ikiwa na ukinzani wa ohmu 0.01 tu, unapoteza volti 0.9, na wati 80 zinageuka joto. Usijaribu kuupima ukinzani huo kwa mita ya bei nafuu: nyaya zake zenyewe zina ohmu 0.1 au zaidi, mara kumi ya unachotafuta.

Mahali pazuri ni chuma kinene cha sakafu au mbavu za bodi zilizounganishwa vizuri na sakafu, karibu na amplifaya, waya usizidi sentimita 45. Mfuniko wa buti haufai, kwa sababu umeme wake unapita kwenye bawaba zilizojaa grisi na rangi. Vibati vilivyoshikwa kwa nukta moja mbili za kulehemu navyo viache. Bolti za mkanda wa usalama usiziguse kabisa, hata kama ziko karibu na zinavutia: kazi yake ni kumshika mtu gari linapogonga. Epuka pia bolti ambayo tayari imebeba ethi ya pampu ya mafuta au taa za nyuma, maana kelele zake zitaingia kwenye spika.

Matatu na basi zilizojengewa bodi juu ya chesisi ya lori ni suala jingine. Mabati yake yameunganishwa kwa ribiti na mirija yenye rangi, na sakafu mara nyingi ni mbao. Hapo vuta waya mpaka kwenye chesisi yenyewe, au urudishe hasi yote kwenye betri.

Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uangalie. Katika magari mengi madogo tangi la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma, na paipu za breki zinapita humo humo. Toboa tundu la bolti ya milimita 8. Skrubu ya kujitobolea haifai: hata bati nene la sakafu ni jembamba kwa skrubu, inashika nyuzi zake mbili tatu tu, na mtikisiko wa barabara ya vumbi utailegeza.

Sasa kazi ya msasa, ambayo wengi huikimbia. Sugua rangi, praima na mpira wa kuzuia kelele mpaka chuma king'ae cheupe, eneo pana kidogo kuliko lagi. Lagi, kile kichwa cha shaba chenye tundu, ikae moja kwa moja juu ya chuma hicho. Usiweke washa, kile kipete cha chuma cha kukazia bolti, katikati. Washa bapa na ya springi hukaa juu ya lagi, na upande wa chini weka washa pana kabla ya nati. Kaza, kisha jaribu kuizungusha lagi kwa mkono. Ikicheza, hujakaza. Baada ya kukaza, si kabla, paka rangi au grisi juu yake na chini ya sakafu. Kwa magari ya Mombasa, Dar es Salaam au Unguja hatua hii ni ya lazima, kwani hewa ya chumvi hula chuma kilichochubuliwa.

Waya wa ethi uwe na unene uleule wa waya wa chanya. Kwa wati 1000 tumia waya wa shaba halisi wa milimita 25 za mraba. Waya wa mashine ya kulehemu unafaa sana. Kwaruza unyuzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na itabidi uchukue waya mnene zaidi.

Kisha pima. Washa injini, piga toni ya hezi 50 kwa sauti kubwa, mita iwe kwenye volti za DC. Ncha moja weka kwenye hasi ya amplifaya, nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri kwa waya mrefu. Chini ya volti 0.2 ni salama. Ikizidi, acha ncha moja kwenye hasi ya amplifaya na usogeze nyingine: chuma tupu kando ya bolti, halafu bodi karibu na betri. Namba inaporuka ndipo penye kosa, na mara nyingi kosa liko mbele, kwenye waya mwembamba wa kiwandani kati ya betri na bodi. Ongeza mwingine mnene sambamba nao. Gari lenye kihisi cha mkondo juu ya nguzo ya hasi ya betri, funga waya wa ziada upande wa bodi wa kihisi hicho, la sivyo kompyuta itasoma chaji vibaya.

Mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta, au taa ya ulinzi ya amplifaya inayowaka besi inapopiga, anza kukagua ethi kabla ya kulaumu amplifaya. Na unapofungua chochote, toa fyuzi ya betri kwanza. Ukifungua ethi umeme ukiwa bado upo, mkondo hutafuta njia ya kurudi kupitia ganda la waya wa RCA, ule unaoleta sauti kutoka redioni, na kuunguza redio.