Shoo kwanza, meza baadaye: kupanga jioni za familia kwenye meli ya kitalii

Watu wengi wakishalipia safari ya meli ya kitalii hukimbilia migahawa. Wanafungua programu ya kampuni kwenye simu, picha za sushi na minofu ya samaki zinawatia hamu, wanaweka nafasi usiku wa kwanza, wa tatu na wa tano, kisha wanatulia wakijua kazi imekwisha. Baadaye ratiba ya shoo inatoka. Kumbe ile ya kuteleza kwenye barafu, ambayo watoto wameililia tangu mwanzo, iko usiku wa tatu saa moja na nusu, muda uleule mhudumu anapoleta supu. Sisi tumezoea kwenda kinyume: shoo kwanza, meza baadaye. Na hata kabla ya shoo, tunaiangalia ratiba ya meli yenyewe.

Chukua karatasi, andika siku zote za safari kuanzia juu kwenda chini. Pembeni ya kila siku andika bandari, saa ya meli kutia nanga na saa ya mwisho ya abiria kurudi melini, ambayo kwa kawaida ni nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kuondoka. Karatasi hiyo peke yake itakupangia nusu ya mambo. Siku ambayo mnatakiwa kurudi saa kumi na moja jioni, watoto watapanda na mchanga miguuni, mmoja amelala begani, mwingine ananuna kwa sababu hakumaliza kujenga ngome yake. Ukiwa umeweka meza ya mgahawa wa kulipia saa kumi na moja na nusu jioni hiyo, umejitafutia balaa. Siku za baharini, ambazo meli haitii nanga popote, zina nafasi zaidi, ila kumbuka siku hizo abiria wote wako ndani, kwa hiyo kila kitu hujaa. Kwenye safari ya siku 7, usiku wa nguo za heshima mara nyingi huwa mara mbili, na wa kwanza aghalabu huangukia siku ya kwanza ya baharini. Uandike nao.

Sasa shoo. Si kila meli inataka uweke nafasi. Kwenye nyingi unaingia tu ukumbini na kukaa. Lakini kwenye meli kubwa sana ni habari nyingine. Icon of the Seas, meli ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000, na hakuna ukumbi wa barafu duniani ulio juu ya meli unaoweza kuwakalisha wote kwa wakati mmoja bila kuwagawa. Shoo hizo hazina malipo ya ziada, kinachogombaniwa ni viti. Tarehe ya kufungua nafasi hutofautiana kati ya meli na meli, basi usikae kusubiri barua pepe. Mimi huchungulia programu kila baada ya siku chache, na siku ikifunguka naweka nafasi ya familia nzima palepale, hata kama bado sijajua tutakula wapi.

Chagua onyesho la mapema kabisa katika safari, hasa kama ni la nje. Meli za daraja la Oasis, za Royal Caribbean haohao, zina jukwaa la maji huko nyuma, ambapo wapiga mbizi huruka kutoka urefu wa mita 10 na kutua kwenye bwawa. Upepo ukizidi, hawaruki, na hakuna wa kumlaumu. Barafu nayo haipendi mawimbi makubwa. Jioni moja tulikuwa tumeshakaa, wafanyakazi wanakausha viti kwa taulo na kukokota maji kwa mipira ya kusugulia sakafu, muziki unapiga, watoto wamesogea ukingoni. Bendera iliyokuwa imelala ikaanza kupigapiga. Baada ya dakika chache likaja tangazo kwamba hakuna shoo. Kwa kuwa ulikuwa usiku wa mapema, tulihamishiwa siku nyingine. Familia iliyokuwa pembeni yetu ilikuwa inasherehekea siku ya kuzaliwa na ilikuwa imepanga kila kitu kizunguke usiku ule. Sijui waliishia wapi.

Ukikosa nafasi usikate tamaa. Kuna foleni ya wasio na nafasi, na dakika kama kumi kabla ya kuanza viti vilivyobaki hugawiwa. Hilo lina upande wa pili: wewe mwenye nafasi ukichelewa, kiti chako kinaweza kuwa kimeshapewa mtu mwingine. Fika dakika ishirini kabla, na watoto wawe wamekwisha kwenda chooni.

Shoo zikishakaa kwenye karatasi, ndipo uje kwenye chakula. Ukumbi mkuu wa chakula umo ndani ya nauli, na kampuni nyingi hukupa kuchagua kati ya zamu maalumu, ya mapema kama saa kumi na moja na nusu au ya kuchelewa kama saa mbili, na utaratibu huria wa kula saa unayotaka. Kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianza kuziacha zamu maalumu mwaka 2000. Utaratibu huria unasikika vizuri, ila ukiwa na watoto wawili pamoja na babu na bibi, kutafuta meza ya watu sita bila kuweka nafasi saa moja jioni maana yake ni kusimama mlangoni na kifaa mkononi kitakacholia meza ikipatikana.

Kwa familia yenye watoto walio chini ya miaka minane, mimi nashauri zamu ya mapema, tena bila kusitasita. Sababu kubwa si saa, ni mhudumu. Katika zamu maalumu unakaa meza ileile na watu walewale wanakuhudumia safari nzima. Wetu, kufikia usiku wa pili, alikuwa anakuja na vipande vya tikiti maji na mkate kabla hatujafungua menyu, na kuku wa binti mdogo alifika akiwa ameshakatwakatwa vipande vidogo. Mtoto mwenye njaa akipewa kitu cha kutafuna dakika ya kwanza, wazazi nao hupata kula. Meli za Disney zimekwenda mbali zaidi: kila usiku unahamia mgahawa mwingine kati ya mitatu mikuu, na wahudumu wako wanahama na wewe. Huko huhitaji kuhangaika na meza za kila siku. Nguvu zako zielekeze kwenye vitu vingine, kama mgahawa wa watu wazima na chumba cha kulelea watoto wachanga. Mgeni wa mara ya kwanza hufunguliwa nafasi hizo siku 75 kabla ya safari, na lazima awe amemaliza kulipa. Waliosafiri nao mara nyingi hufunguliwa mapema zaidi, kwa hiyo ukikuta vitu vya maana vimeshachukuliwa usishangae.

Zamu ya mapema inakwenda vizuri na shoo ya saa mbili. Chakula cha ukumbi mkuu huchukua saa moja na nusu hivi. Kama watoto wamechoka kukaa, baadhi ya meli zina utaratibu wa wafanyakazi wa klabu ya watoto kuwachukua moja kwa moja kutoka mezani wakishamaliza, nanyi mkabaki na kahawa yenu. Uliza siku ya kwanza.

Mnasafiri familia mbili au tatu? Kila chumba kina namba yake ya safari, na kompyuta ya kampuni haijui kwamba yule ni shangazi. Piga simu mapema waziunganishe namba hizo, la sivyo mtapangiwa meza mbali mbali. Mzio wa chakula nao uandikishe kabla ya safari, kisha siku ya kupanda mtafute msimamizi wa ukumbi umweleze ana kwa ana. Kwenye meli nyingi atakuletea menyu ya kesho usiku huu ili jikoni waandae mapema.

Migahawa ya kulipia naiweka mwisho kwa makusudi. Usiku mmoja wa wazazi peke yao unatosha. Kifurushi cha kula humo kila siku hakina faida kwa mwenye watoto wadogo, kwa sababu mlo mmoja huweza kuchukua muda wa saa mbili, na mtoto wa miaka mitano hana saa mbili za kumtazama baba yake akila nyama. Bei ya kununua kabla ya safari mara nyingi huwa nafuu kuliko ya melini, na ikishuka baada ya wewe kununua unaweza kufuta na kununua upya, mradi usome masharti ya kufuta. Usiku wa kwanza migahawa hii huwa na nafasi, maana abiria wengi wamechoka na bado wanatafuta vyumba vyao. Kumbuka pia bakshishi, ambayo kwenye kampuni nyingi huongezwa yenyewe juu ya bei, kama asilimia 18 hadi 20.

Jambo ambalo wengi hulisahau wakihangaika na meza ni klabu ya watoto. Kwa kawaida huanzia miaka mitatu, na mtoto asiwe wa nepi. Walio chini ya hapo hupelekwa chumba cha kulelea ambacho ni kidogo, hulipiwa kwa saa, na hujaa haraka. Ukiwa na mtoto wa umri huo, nafasi yake itangulie hata shoo, maana bila hiyo usiku wa wazazi haupo.

Siku ya kupanda usijaze kitu. Mabegi huchelewa kufika chumbani, na zoezi la usalama ni la lazima kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, sheria iliyokazwa baada ya ajali ya meli ya kitalii Costa Concordia mwaka 2012. Beba nguo za kuogelea kwenye begi la mkononi, maana bwawa huwa halina watu wengi mchana huo. Programu ya meli hufanya kazi kwa mtandao wa ndani hata kama hukununua intaneti. Weka simu kwenye hali ya ndege kwanza, usije ukatozwa bila kujua.

Usiku wa mwisho kuleni mapema na msiweke shoo ya kuchelewa. Mabegi makubwa hutakiwa kuwa nje ya mlango kufikia saa nne au saa tano usiku, na yakishaondoka hayarudi hadi bandarini. Kabla hujayafunga, toa pasipoti, dawa, na nguo za kesho za kila mtu, viatu vikiwemo.