Muulize Fundi: Nyuma inavuma, ni difu kweli?

Fundi shikamoo. Nina Mark II GX100 ya 1998, oto. Kuanzia spidi 60 huku nyuma inaanza kuvuma wuuuu, nikifika 90 hata redio sisikii. Gereji ya kwanza wakasema difu (lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa tairi mbili) limekufa, nitafute la mtumba, laki tatu na nusu. Ya pili wakasema ni tairi tu. Juzi naelekea Kibaha nikagundua kona ya kulia inazidi, ya kushoto inapungua. Nianze na lipi?
*Msomaji, Mbezi*

Marahaba mwanangu. Hiyo laki tatu na nusu irudishe mfukoni kwanza, maana jibu umeliandika mwenyewe kwenye barua na hukujua. Gari ikikata kulia uzito mwingi unalalia tairi za kushoto, sasa kama kelele inazidi hapo basi mimi macho yangu yako kwenye beringi ya hab (kitovu kinachofungwa tairi) ya nyuma kushoto. Difu halijali sana kona ndogo za barabara kuu, lenyewe linajali mguu wako. Tafuta sehemu tambarare, panda mpaka 80, sikiliza ukiwa umekanyaga mafuta halafu achia ghafla. Krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, zikiwa zinasagana vibaya sauti inageuka palepale, inalia ukikanyaga na ukiachia inanyamaza, au kinyume chake, ila beringi ya tairi yenyewe inavuma tu umekanyaga hujakanyaga. Na hao waliosema tairi wasikilize pia, si wajinga, hamisha za nyuma zije mbele uone kama kelele imehama nazo, halafu angalia kama inabadilika ukitoka lami mpya ukaingia lami iliyochakaa. Tairi inafuata lami.

Nina uchungu na hili kwa sababu yalinikuta. Miaka hiyo nilikuwa na Cresta inavuma hivyohivyo, nikanunua difu, Jumamosi nzima niko chini ya gari, jioni natoka nalo barabarani nikiwa nimejaa oili hadi masikioni... wuuuu ileile. Ilikuwa beringi. Na difu langu zima nilishawapa watu wa chuma chakavu!

Ukitaka uhakika kabla ya kufungua kitu, inua nyuma, weka stendi (jeki peke yake usiiamini hata kama ni mpya), zuia tairi za mbele, toa hendibreki. Zungusha tairi kwa mkono mmoja, mwingine uwe umeshika springi ya shokapu ya upande huohuo. Beringi iliyokufa utaisikia kwenye vidole kabla ya masikio, kama kuna mchanga unasagwa mle ndani, kisha nenda upande wa pili ulinganishe. Usishtuke gia ikiwa kwenye P ukazungusha tairi moja na ile ya pili ikaenda kinyume, difu la kawaida ndivyo lilivyo.

Ukiwa huko chini angalia na oili ya difu. Fungua nati ya kujazia KABLA ya ile ya kumwagia, kwa sababu ukishamwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka gari imelala hapo. Oili iwe inafika kwenye mdomo wa tundu la kujazia. Ule utope mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida kwa gari ya umri huo, ila ukikuta vipande vinavyoshikika kama kucha hapo sasa tuongelee difu. Na ukienda kununua la mtumba chovya kidole uone oili yake, wajanja wa zamani walikuwa wanatia maranda ya mbao mle ndani difu linyamaze siku ya kuuza.

Kaka fundi, Chaser yangu nimebadilisha senta beringi (beringi ya katikati) ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, kabla ya hapo ilikuwa inagonga tu nikiondoka. Sasa haigongi ila kuanzia 70 inatetemeka, nimepiga balansi tairi zote nne, wapi! Fundi anasema beringi mpya ni feki.
*Msomaji, Tanga*

Inawezekana ni feki lakini mimi namshuku fundi kwanza. Muulize taratibu, bila ugomvi, alipiga alama kabla hajaifungua propela? Hiyo propela ni vipande viwili na ilipigiwa balansi ikiwa imefungwa vilevile ilivyokuja, mtu akivitenganisha akaja kurudisha kwa kukosea meno, masikio ya krosi (kiungo cha propela kinachojikunja) hayakai tena kwenye mstari wake na hapo lazima itetemeke. Hata flenji ya kwenye difu, ile sahani ya kuungia propela, ina boliti nne zinazoingia popote, ndiyo maana tunachora rangi au tunapiga senta panchi pande zote mbili. Kama kulikuwa na washa (vile vibati vya duara) kati ya bodi na kishikio cha senta beringi zilitakiwa zirudi zilezile, zikipotea propela inakaa kwa pembe nyingine.

Halafu tofautisha mtetemo wenyewe. Kwa 80 tairi yako inazunguka kama mara 11 kwa sekunde, lakini kama difu lako ni la 4.1, yaani tairi ikizunguka mara moja propela inazunguka mara 4.1, basi propela inazunguka kama mara 45. Kwa hiyo tairi inakutikisa, unausikia mdundo, wakati propela ni kama simu iliyowekwa mtetemo chini ya kiti. Weka chupa ya maji wazi pale katikati, abiria aangalie, maji yakijikunja vikunjo vidogovidogo vya haraka basi achana na habari za tairi. Mwambie ageuze flenji ya nyuma nusu duara, ni boliti nne tu, ujaribu tena. Ikigoma ndio ishushwe yote, masikio yapangwe.

Anko, natumia Corolla KE70 ya marehemu baba, manyuo. Nikiwa frii inakoroma chini, nikikanyaga klachi inanyamaza. Na nikitembea polepole inalia cheu cheu cheu kama kifaranga.
*Dada wa Arusha*

Pole na msiba mwanangu, na hongera kwa kuitunza. Ni vitu viwili tofauti hivyo. Kukoroma kunakokata ukikanyaga klachi ni beringi ya mbele ya giaboksi, ingekuwa rilizi, ile beringi inayosukuma klachi, ingelia pale UNAPOKANYAGA. Angalia oili ya giaboksi leo, ukiiacha ikauka utanunua giaboksi zima. Kifaranga ni krosi kavu. Chungulia kwenye vikombe vyake, ukiona unga mwekundu wa kutu imekwisha, hata kama ina kitundu cha kupigia grisi usihangaike kupiga, badilisha.